Mazungumzo Manne Katika Waya Mmoja: Jinsi Programu ya Terminali Inavyoifikia Kompyuta ya Mbali kwa Modemu

Wakazi wengi wa Lamu na Malindi waliozoea kompyuta baada ya mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, hawakuwahi kuisikia modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, ikipiga simu. Hata hivyo, fundi wa leo anayeitwa kwenye hoteli ya Malindi kwa sababu ruta imegoma, akachomeka waya wa konsoli, ule wa kuiandikia ruta amri moja kwa moja, na kufungua programu ya terminali kama PuTTY, hukutana na maswali yaleyale aliyoulizwa mtu wa mwaka 1985: kasi ni ngapi, biti za data (biti ni alama ya 0 au 1) ni saba au nane, pariti ipo au haipo, biti ya kumalizia ni moja au mbili. Wengi hujaza 9600 kwa kuwa mwongozo umesema hivyo. Wakibahatika mambo huenda, wasipobahatika huchomoa waya na kuuchomeka tena. Maswali hayo yametokana na enzi ambayo kompyuta ya mbali ilifikiwa kwa laini ya simu, na hayaeleweki vizuri mpaka mtu aone jinsi kazi ile ilivyogawanywa.

Terminali yenyewe ilikuwa kifaa, si programu. Ilikuwa skrini na kibodi visivyoweza kuendesha programu za mtumiaji, vilivyofungwa kwa waya kwenye kompyuta kubwa iliyokaa chumba kingine au jengo jingine. Iliyopata sifa kuliko zote ni VT100, iliyotolewa mwaka 1978 na kampuni ya Marekani iitwayo Digital Equipment Corporation, ambayo skrini yake ilionyesha mistari 24 ya herufi 80. Kompyuta ndogo za mezani zilipoenea, mtu hakuona sababu ya kununua kompyuta na terminali pamoja, na waandishi wa programu wakatengeneza programu za kuifanya kompyuta ijifanye terminali: Procomm na Telix kwenye DOS, mfumo wa kompyuta za mezani uliotangulia Windows, Minicom kwenye Linux, na HyperTerminal iliyokuja ndani ya Windows 95. Kazi ya msingi ya programu hizo ni ndogo mno. Herufi unayobonyeza hupelekwa kwenye waya, na herufi inayotoka kwenye waya huonyeshwa kwenye skrini. Ugumu wote umo njiani.

Tumchukue mtu aliyeketi nyumbani kwake Langoni, Lamu, miaka ya mwanzo ya 1990, akiwa na kompyuta mezani, modemu pembeni yake, na laini ya simu ya Shirika la Posta na Simu. Kompyuta anayoitaka iko Nairobi. Mjini Nairobi wakati ule kulikuwa na kituo cha ELCI (Environment Liaison Centre International) kilichohudumia mashirika yasiyo ya kiserikali kwa utaratibu wa FidoNet, ambapo kompyuta hupigiana simu na kubadilishana barua kwa mafungu. Zilikuwapo pia kompyuta ambazo mtu aliingia mwenyewe na kuziandikia amri moja kwa moja. Mtu wetu akifanikiwa kuingia, huona skrini moja tu, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu nyuma ya skrini hiyo yanaendelea mazungumzo manne tofauti, kila moja likiwa na wazungumzaji wake, kanuni zake na makosa yake. Programu yake inazungumza na modemu iliyo mezani. Modemu hiyo inazungumza na modemu ya Nairobi. Terminali inazungumza na kompyuta ya Nairobi. Na faili likihamishwa, programu mbili zinaanzisha mazungumzo ya nne juu ya hayo matatu.

La kwanza, kati ya programu na modemu, hupita kwenye waya mfupi wa siriali ambao kanuni yake, RS-232, ilianza mwaka 1960. Waya huu hupitisha biti moja baada ya nyingine, na hakuna saa ya pamoja inayoziambia pande mbili herufi inaanzia wapi. Kwa hiyo kila herufi hutanguliwa na biti ya kuanzia, zikafuata biti zake saba au nane, pengine na biti ya pariti ya kukagua kosa, kisha biti ya kumalizia. Mpangilio uliozoeleka huandikwa 8-N-1: biti nane, pariti hakuna, biti moja ya kumalizia. Ukijumlisha na ile ya kuanzia unapata biti kumi kwa kila herufi, na ndiyo maana modemu ya biti 2400 kwa sekunde hupitisha herufi 240, wala si 300 kama mtu angegawanya kwa nane.

Kompyuta nyingi kubwa zilitumia mpangilio mwingine, 7-E-1, yaani biti saba na pariti ya shufwa: biti ya nane huwekwa 1 ikiwa biti za 1 ndani ya herufi ni idadi ya witiri, ili jumla iwe shufwa. Sasa tuseme kompyuta ya mbali inatuma kwa 7-E-1, na programu ya Lamu imewekwa 8-N-1 kwenye kompyuta ya DOS. Herufi A ina biti mbili za 1, kwa hiyo inafika salama. M ina nne, salama. U ina nne, salama. L ina tatu, hivyo inaongezwa biti ya nane, na programu inayodhani kwamba biti hiyo ni sehemu ya herufi huchora alama ya kuundia majedwali. Neno LAMU linatokea kwenye skrini likiwa ╠AMU, jambo ambalo wenyeji, ambao huuita mji wao Amu, huenda wasilione kuwa ni kosa, lakini MALINDI inakuwa MA╠╔ND╔. Mfano huu una faida kwa fundi: ikiwa takriban nusu ya herufi zinasomeka, na herufi ileile huharibika kwa namna ileile kila mara, tatizo ni pariti. Ikiwa hakuna kinachosomeka hata kidogo, tatizo ni kasi. Ikiwa maandishi ni sawa isipokuwa vipande vinavyozuka hapa na pale bila mpango, tatizo halimo kwenye waya huu mfupi kabisa, bali kwenye laini ya simu.

Ndani ya waya huohuo modemu hupokea pia amri. Zamani mtu alizungusha namba kwa mkono wake, akasikiliza mlio wa upande wa pili, kisha akaulaza mkonga wa simu juu ya kifaa chenye vikombe viwili vya mpira. Mwaka 1981 kampuni ya Dennis Hayes na Dale Heatherington ikatoa Smartmodem, iliyoweza kupiga simu yenyewe kwa kuandikiwa amri kwenye waya uleule unaopitisha data. Ukiandika AT, inajibu OK. Ukiandika ATDT na kufuatisha namba, inapiga kwa milio. Ukiandika ATDP, inapiga kwa mapigo, kama simu ya kuzungusha, kwa ajili ya vituo vya simu visivyoelewa milio. Alama ya mkato ndani ya namba huifanya ingoje, kwa kawaida sekunde mbili, na hiyo ndiyo iliyomwokoa mgeni aliyekuwa chumbani hotelini na kulazimika kubonyeza 9 kwanza ili apate laini ya nje. Baada ya hapo hujibu CONNECT na kasi iliyopatikana, au BUSY simu ikiwa na mtu, au NO CARRIER ikiwa mlio wa modemu ya pili haukusikika.

Pakiwa na CONNECT, modemu inabadilika tabia. Tangu hapo chochote unachoandika ni data ya kupelekwa Nairobi, hata ukiandika AT, na modemu haitakujibu tena. Ili urudi kwenye amri bila kukata simu, hutakiwa ukae kimya sekunde moja, uandike +++ kwa mfululizo, kisha ukae kimya sekunde nyingine; ATH hukata, ATO hukurudisha kwenye mazungumzo. Ukimya huo ndio uliokuwa ubunifu wenyewe, na Hayes waliulinda kwa hataza. Baadhi ya watengenezaji wengine waliukwepa, na matokeo yake modemu zao ziliweza kukatika kwa sababu tu maandishi yaliyokuwa yakipita yalikuwa na +++ATH ndani yake. Kubana amri na data kwenye njia moja kuliokoa gharama ya waya, lakini kwa maoni yangu ndiko kulikowachanganya watumiaji kuliko jambo lingine lolote, maana mtu hakuwa na alama ya kumwonyesha kwamba sasa anazungumza na nani.

Mazungumzo ya pili ni ya modemu kwa modemu, na haya hufanyika kwa sauti. Laini ya simu ilitengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu, ikipitisha mitetemo ya kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3400 hivi, kwa hiyo biti zilipaswa kugeuzwa kuwa milio inayoenea humo. Katika kanuni ya V.21, yenye kasi ya biti 300, anayepiga hutumia hezi 980 kwa biti ya 1 na 1180 kwa biti ya 0, na anayepokea hutumia 1650 na 1850, ndipo wote wawili wakaweza kusema kwa wakati mmoja bila kugongana. Kasi ilipotakiwa kuongezeka, milio miwili haikutosha. Modemu zikaanza kubadilisha awamu na ukubwa wa wimbi, kiasi kwamba badiliko moja la wimbi lilibeba biti kadhaa. V.22bis hubadilisha wimbi mara 600 kwa sekunde na kila badiliko lina biti nne, jumla 2400. Idadi ya mabadiliko ndiyo inayoitwa baudi, na mtu anayeiita modemu hiyo ya baudi 2400 amekosea mara nne, ingawa viwandani na madukani kosa hilo lilizoeleka hata likachapishwa kwenye maboksi.

Kutoka hapo ngazi zilipandwa haraka: V.32 ikafika 9600, V.32bis ikafika 14,400 mwaka 1991, V.34 ikafika 28,800 mwaka 1994 na baadaye 33,600. V.90 ya mwaka 1998, iliyotangazwa kuwa ni ya 56,000, ilikuwa na siri yake: kasi hiyo hupatikana kwa data inayoshuka kwa mteja tu, na kwa sharti kwamba mtoa huduma ameunganishwa na kituo cha simu kwa njia ya dijitali. Watu wawili wenye modemu za aina hiyo majumbani mwao, mmoja Shela kisiwani Lamu na mwingine Malindi, wasingeipata wao kwa wao hata laini ingekuwa safi namna gani.

Na laini haikuwa safi siku zote. Waya wa shaba wenye maungio mengi, hewa ya chumvi inayokula maungio hayo, na masafa marefu hadi kituo kinachofuata, vyote huongeza kelele ndani ya laini. Modemu mbili zinapokutana hupimana kwanza, na huo ndio uliokuwa mvumo na mkwaruzo unaosikika kabla ya CONNECT. Hali ikiharibika katikati ya safari, modemu za kisasa zaidi hushusha kasi, kama nahodha anavyopunguza tanga upepo ukichafuka. Zile za mwanzo hazikuwa na uwezo huo. Mtu akiinua mkonga wa simu ya pili iliyo ukumbini, skrini hujaa alama za mabano na mikwaju, na mara nyingi NO CARRIER hufuata. Kanuni za kusahihisha makosa, MNP na baadaye V.42, zilikuja kulitatua hilo: modemu hukagua kila fungu na kuomba lirudiwe likiwa limeharibika, bila programu ya terminali kujua lolote.

Usahihishaji huo pamoja na ubanaji wa data wa V.42bis ulileta jambo jingine linalopaswa kuelezwa kwa makini, nalo ni kuwapo kwa kasi mbili. Programu na modemu ya mezani huweza kuzungumza kwa 38,400 ilhali modemu mbili zinazungumza kwa 14,400, na wala si kosa. Ni lazima hata iwe hivyo, kwa kuwa maandishi yaliyobanwa yakifunguliwa huwa mengi kuliko yaliyopita kwenye simu. Lakini kasi zikitofautiana, mmoja lazima awe na namna ya kumwambia mwenzake asimame kidogo. Namna nzuri ni kutumia nyuzi mbili za waya wa siriali zilizotengwa kwa kazi hiyo, RTS na CTS. Namna ya zamani ni kutuma herufi ya 19 katika jedwali la ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake, kwa maana ya simama, na ya 17 kwa maana ya endelea. Herufi hizo ndizo Ctrl-S na Ctrl-Q. Hata leo kwenye dirisha la terminali la Linux mtu hubonyeza Ctrl-S akidhani anahifadhi kazi yake, kila kitu kikaganda, akazima mashine nzima, wakati Ctrl-Q peke yake ingetosha.

Mazungumzo ya tatu ni kati ya terminali na kompyuta ya mbali, na swali lake la kwanza hushangaza: herufi uliyobonyeza inachorwa na nani kwenye skrini yako? Kwa kawaida si programu yako. Herufi huenda mpaka Nairobi, kompyuta ya huko huirudisha, ndipo unaiona. Huo huitwa mwangwi. Ikiwa kompyuta ya mbali inarudisha na programu yako nayo imewekwa ichore, utaandika salamu ukaona ssaallaammuu. Ikiwa hakuna anayechora, utaandika huku skrini ikibaki tupu ingawa amri zinafika. Nenosiri halionekani kwa sababu hiyohiyo, kwani kompyuta ya mbali huzuia mwangwi kwa makusudi mpaka umalize.

Swali la pili ni la alama za kuamuru skrini. VT100 ilielewa kwamba herufi ya 27 katika jedwali lilelile, ikifuatwa na mabano ya mraba, si maandishi bali ni agizo: [2J baada yake hufuta skrini, [H hupeleka kishale kwenye kona ya juu kushoto. Maagizo hayo yanafuata kanuni ya ANSI, shirika la viwango la Marekani, na yanatumika hadi sasa. Programu iliyowekwa aina nyingine ya terminali haiyatambui, na mtumiaji huona ←[2J katikati ya maneno yake akadhani laini imeharibika. Mistari ikishuka kama ngazi kuelekea kulia, upande mmoja unatuma alama ya kushuka mstari bila ile ya kurudi mwanzo wa mstari, na programu nyingi zina mahali pa kurekebisha hilo.

Mazungumzo ya nne ni ya kuhamisha faili, na huko ndiko kulikokuwa na gharama, kwa kuwa simu ya masafa marefu ililipiwa kwa muda. Ukurasa mmoja kamili wa skrini una herufi 1920: kwa modemu ya 300 huchukua sekunde 64, kwa 2400 sekunde 8, kwa 9600 sekunde 2. Disketi ya kilobaiti 360 kwa modemu ya 2400 huchukua zaidi ya dakika 25, ikiwa hakuna kinachorudiwa. XMODEM, kanuni ya kuhamisha faili iliyoandikwa mwaka 1977 na Ward Christensen wa Chicago, hukata faili kuwa vipande vya baiti 128 (baiti ni biti nane), kila kipande kikiwa na namba yake na jumla ya ukaguzi, na mtumaji hungoja jibu kabla ya kutuma kinachofuata. Ni rahisi na inaaminika, ila huko kungoja hupoteza muda mwingi kwenye laini ndefu, na kwa kuwa inahitaji biti zote nane, haipiti kwenye 7-E-1. Vilevile udhibiti wa herufi 17 na 19 huivuruga, kwani faili la picha au la programu lina baiti hizo ndani yake na vifaa vya njiani huzidhania kuwa ni amri ya kusimama. Hapa ndipo mazungumzo ya kwanza yanapoliharibu la nne, na mtu asiyeyatenganisha atalaumu faili.

Kermit, kanuni nyingine ya kuhamisha faili, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981, ilijengwa kwa ajili ya njia mbovu kama hizo: hugeuza baiti zenye hatari kuwa herufi za kawaida kabla ya kuzituma. Ilipata sifa ya ukobe isiyoistahili, kwa sababu iliwekwa tangu mwanzo itumie vipande vidogo sana kwa usalama, na wachache walijishughulisha kubadilisha mpangilio huo. ZMODEM ya Chuck Forsberg, ya mwaka 1986, haingoji jibu la kila kipande, na simu ikikatika huendelea pale ilipoishia. Kwa mtu wa Lamu ambaye laini ingeweza kukatika dakika ya 20, sifa hiyo ya pili ilikuwa na thamani kubwa kuliko kasi yote.

Modemu za sauti zimekwisha, lakini amri za AT hazikwenda nazo. Modemu ya mtandao wa simu za mkononi, ile ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la yuesibii (USB), kwa kawaida hujitokeza kwenye kompyuta kama poti ya siriali. Fungua PuTTY au Minicom kwenye poti hiyo, andika AT, itajibu OK. Andika AT+CSQ, itajibu mfano +CSQ: 14,99. Namba ya kwanza ni nguvu ya mawimbi inayopokea, kuanzia 0 hadi 31, na kila hatua ni desibeli mbili juu ya kiwango cha chini cha -113, kwa hiyo 14 ni -85. Kwenye nyumba ya mawe ya Mkomani, Lamu, yenye kuta nene, kipimo hiki husaidia kuliko vile vijiti vinavyochorwa kwenye pembe ya skrini: kipime ndani, kisha dirishani, kisha juu darini, ukingoja kidogo kila mara kabla ya kuandika amri tena. Ikijibu 99 mahali pa namba ya kwanza, modemu haijapata wimbi la kupima, na kubadilisha kasi au pariti hakutasaidia chochote.